Namna ya Kusoma Ualimu na Historia Mlimani, na Kumjibu Mjomba

Mjomba atauliza. Atauliza kwenye harusi au kwenye arobaini, pilau likiwa bado mdomoni, lakini atauliza: "Nasikia umechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hongera, mpwa wangu. Unakwenda kusomea nini?" Utajibu kwamba ni shahada ya ualimu, na somo lako la kufundishia ni Historia. Mkeka mzima utanyamaza. Mjomba atameza, atanawa mikono, kisha atasema: "Ualimu. Tena wa Historia. Mtoto wa jirani amepata Uhandisi."

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekaa kwenye mkeka huo ukitafuta pa kuficha uso. Acha kuuficha. Umechagua jambo kubwa, na shida iliyopo ni kwamba hakuna aliyekueleza ukubwa wake.

Anza kwa adabu. Msogezee mjomba sahani ya nyama, kisha mweleze habari za mwalimu mmoja. Alichukua stashahada ya ualimu Makerere kati ya 1943 na 1945, akafundisha St. Mary's, Tabora, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, ambako miongoni mwa masomo yake ilikuwemo historia. Aliporudi akafundisha Pugu, na somo alilofundisha huko lilikuwa Historia. Mwaka 1955 aliacha kazi ya darasani kwa sababu ya siasa ya TANU, lakini jina la kazi halikumwacha mpaka leo. Mjomba mwenyewe humwita Julius Nyerere "Mwalimu" kila siku, na huenda hajawahi kujiuliza alikuwa akifundisha nini.

Usimwahidi mjomba kwamba na wewe utakuwa Rais. Mwambie jambo dogo zaidi, ambalo pia ni la kweli zaidi. Mwaka 1955 Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza kwa nini Tanganyika ijitawale. Wasikilizaji wengine hawakuwa na haja ya kumwelewa. Kukusanya ushahidi, kuupanga, na kumfikishia mtu asiyetaka kusikia mpaka asikie, ndiyo kazi ya mwalimu wa Historia kila Jumatatu kipindi cha mwisho, wakati njaa imeshawashika Kidato cha Pili B. Unakwenda kujifunza kazi hiyo. Sasa mjomba na ale.

Mtoto wa mama wawili

Ukifika Mlimani utagundua una mama wawili, tena nyumba zao hazitembeleani. Historia iko Ndaki ya Insia. Ualimu uko Shule Kuu ya Elimu. Kila mama anaamini wewe ni wake peke yake, anakupa kazi ya nyumbani bila kuuliza mwenzake amekupa nini, na wiki ya mitihani wote wawili watakuita kwa wakati mmoja.

Wanafunzi wengi hutatua jambo hili kwa kununua madaftari mawili. Moja limejaa ukoloni, biashara ya misafara na vita vya dunia. La pili limejaa saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, mitaala na upimaji. Miaka mitatu yanalala meza moja bila kusemezana, na siku ya kuhitimu mwenye madaftari anaondoka akiwa nusu mwanahistoria na nusu mwalimu. Nalichukia jambo hili, kwa sababu hasara yake humwangukia mtoto wa sekondari ambaye hakuwepo hata siku moja kwenye ukumbi wa mihadhara.

Nunua daftari moja. Ukurasa wa kushoto andika alichosema mhadhiri wa Historia, wa kulia andika swali la kialimu linalotokana nacho. Ukifundishwa kushoto kwamba kila chanzo kina mtu aliyekitengeneza, kwa wakati fulani na kwa faida fulani, andika kulia: mtoto wa miaka 15 atalionaje hili kwa macho yake mwenyewe? Ukifundishwa kwenye saikolojia kwamba mwanafunzi huja darasani na mambo anayoyaamini tayari, geukia upande wa pili uulize: mambo hayo kayasikia kwa nani, na huyo naye kayasikia kwa nani? Utaona kwamba mama zako wawili wanafundisha jambo moja. Historia ni kuuliza jinsi tunavyojua. Ualimu ni kumfanya mwingine aulize hivyo hivyo.

Habari za madesa

Sasa tuje kwenye madesa. Kuna stesheneri ambazo, ukizitajia somo na mwaka, zitakutolea bunda la kurasa zilizorudufiwa mpaka herufi zimefifia. Ndani yake kila tukio la historia lina sababu sita na matokeo sita. Vita vya Maji Maji, sababu sita. Mapinduzi ya viwanda, sababu sita. Ukichomoa jina la tukio moja ukachomeka la jingine, karibu nusu ya hoja zitabaki vilevile: "ukosefu wa umoja", "silaha duni", "uchu wa malighafi". Mwenye bunda hilo amepewa orodha tu. Historia bado hajaionja.

Nunua desa kama huna nauli ya kukaa maktaba, sitakuhukumu; najua bumu huchelewa na njaa haingoji Bodi ya Mikopo. Lakini kwa kila desa unalosoma, soma kitabu kimoja kizima kwa semista, kuanzia jalada la mbele mpaka la nyuma. Anza na cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972 kwa Bogle-L'Ouverture London na Tanzania Publishing House hapa Dar es Salaam. Rodney alikuwa akifundisha Mlimani. Fikiria: kitabu kinachosomwa duniani kote, na mwandishi wake alikuwa akipanda kilima hiki unachopanda wewe ukihema. Ukimaliza, chukua historia ya Tanganyika ya John Iliffe, iliyotoka 1979. Naye alifundisha hapa hapa. Waweke mezani wawili hao uone wapi wanakubaliana na wapi kila mmoja anavuta kwake. Katika mabishano yao utajifunza zaidi ya yaliyomo katika madesa yote ya Ubungo na Changanyikeni.

Jua pia kwa nini Idara ya Historia ilianzishwa. Chuo kilianza 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani 1964, na mwaka huohuo Idara ikaanza chini ya Terence Ranger. Mwaka mmoja tu kabla, Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, alikuwa ametangaza kwamba Afrika haina historia ya kufundishwa isipokuwa ya Wazungu ndani yake. Jibu la Mlimani lilikuwa kazi. Isaria Kimambo alikwenda kwa Wapare wenzake, akakusanya masimulizi ya wazee, na mwaka 1969 akatoa kitabu kizima cha historia yao ya kisiasa. Mwaka huohuo yeye na A. J. Temu wakahariri historia ya Tanzania kwa ajili ya shule na vyuo. Ukiwa Mlimani, unakalia kiti ndani ya jibu hilo. Kaa vizuri.

Nenda kwa wazee, hata kwa mjomba

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mwaka 1968 Idara ilifanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa ualimu anapaswa kulijua kwa moyo. Wanafunzi walikwenda kwenye maeneo kulikopiganwa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wakakaa na wazee na kuandika walichosimuliwa. Baadhi ya wazee hao walikuwa vijana vita vilipopiganwa. Hawa walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza kama wewe, nao waliandika ushahidi ambao wanahistoria wa dunia wanautumia hadi leo.

Ushahidi huo, pamoja na kazi ya watafiti kama G. C. K. Gwassa na Iliffe, ulifanya habari iwe ngumu zaidi, na hiyo ndiyo dalili ya utafiti mzuri. Wamatumbi walikuwa na hasira na mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na huko Nandete, Julai 1905, walivianza vita kwa kung'oa miche ya pamba. Lakini Ungoni mambo yalikuwa mengine. Huko kulikuwa na machifu waliopoteza madaraka. Dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ilisafiri, na kila ilikofika ilikutana na hasira yake ya pale pale. Hata hesabu ya waliokufa inafundisha. Wajerumani walikadiria watu 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa iliyoletwa kwa makusudi kwa kuchoma mazao. Ukifika darasani, andika namba zote mbili ubaoni. Waulize wanafunzi ni nani aliyehesabu, alihesabu nini, na nani hakuhesabiwa. Hutahitaji kumwamsha mtu.

Wazee wa 1905 hawapo tena. Wapo wa Operesheni Vijiji. Wapo waliohamishwa miaka ya sabini kutoka kwenye nyumba zao kupelekwa vijijini, waliofundisha au kusoma wakati elimu ya msingi kwa wote ilipoanza 1977, waliopanga foleni ya sukari na khanga miaka ya themanini. Mmoja wao ni mjomba. Ndiyo, yule wa pilau. Nenda naye nyuma ya nyumba jioni, washa kinasa sauti cha simu, muulize.

Na uulize kwa ufundi. Hapa somo la ualimu linakuja kulipa ada yake. Umefundishwa tofauti ya swali funge na swali huru. Ukimuuliza mjomba, "Je, Operesheni Vijiji ilikuwa mbaya?" atajibu ndiyo au hapana, na atakuwa amekujibu unachotaka kusikia. Ukimuuliza, "Siku mliyohama, mlibeba nini, na mliacha nini?" kaa mkao wa kusikiliza mpaka usiku. Atataja mlango ulioachwa, mbuzi waliogawanywa, jina la diwani, mto uliovukwa. Mwache atulie akinyamaza. Usijaze ukimya kwa swali jipya. Ukitoka hapo nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, au kwenye mkusanyo wa Afrika Mashariki ndani ya maktaba ya Mlimani, utafute yaliyoandikwa kuhusu wilaya hiyohiyo. Linganisha. Mjomba atakuwa amekosea mwaka, na faili litakuwa limemsahau mjomba. Kazi yako ni kuwasikia wote wawili.

BTP, au siku mlima Kilimanjaro ulipookolewa

Mwisho wa mwaka wa kwanza na wa pili utapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ndiyo BTP. Utafika shuleni na begi, barua ya chuo na andalio la somo lililochapwa vizuri kuliko la mwalimu yeyote wa pale. Wasalimie walimu wote, kuanzia mkuu wa shule mpaka mlinzi. Mwalimu mwenyeji amelibeba somo hilo miaka 20 kwa chaki ya kuhesabu. Kaa nyuma ya darasa lake siku mbili kabla hujaanza kumfikiria kuwa wa zamani. Azimio la kazi liandike wewe mwenyewe, usilinakili kwa mwenzako wa Mwanza, maana mwenzako hana wanafunzi wako.

Kisha fundisha kipindi hiki. Dakika 80, vipindi viwili mfululizo, mada ya kugawanywa kwa Afrika.

Waulize wanafunzi: kwa nini mpaka wa Tanzania na Kenya unakwenda moja kwa moja kutoka baharini, halafu unajipinda kuuzunguka Kilimanjaro? Subiri. Mmoja atanyoosha mkono aseme kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, mlima kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Darasa litakubali, kwa sababu wote wamesikia hivyo, wengine kwa mwalimu wao wa shule ya msingi. Usimkaripie. Andika hadithi yake ubaoni kwa heshima.

Sasa wape tarehe. Makubaliano ya mpaka huo kati ya Uingereza na Ujerumani yalifanyika mwaka 1886. Wilhelm wa Pili alikuwa Kaiser kuanzia 1888. Nyamaza. Mtoto aliyekaa karibu na dirisha ataona kwanza: mwaka huo Kaiser alikuwa babu yake Wilhelm, na Wilhelm mwenyewe alikuwa mwanamfalme tu. Zawadi gani ya kifalme inatolewa kwa njia ya mkataba wa serikali mbili, miaka miwili kabla mpokeaji hajakaa kwenye kiti? Watacheka. Waache wacheke, kisha waulize swali zito: kama si zawadi, ni nini?

Hapo ndipo unawaletea karatasi. Novemba na Desemba 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na maeneo ya jirani akiwawekea viongozi mikataba ya Kijerumani wasiyoweza kuisoma. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na siku iliyofuata Kaiser wa wakati huo akatoa hati ya kulinda alichokitwaa Peters. Mwaka huohuo mwenzake Peters, Karl Jühlke, akafika Moshi na kuwekeana mkataba na Mandara, mtawala wa huko. Waingereza nao walikuwa na karatasi zao upande wa Taveta. Mpaka ulipinda kuzifuata karatasi. Ukilisema hili, mtoto wa Moshi atauliza: Mandara alidhani anatia sahihi nini? Kwa swali hilo moja, kipindi kimefaulu kuliko sababu sita zote. Mpe nafasi alijibu, na jibu lake lidai ushahidi.

Wapo watakaosema kipindi kama hicho hakimalizi muhtasari wa somo. Mtihani wa Taifa ukiuliza hoja sita, wanafunzi wako wataziandika, tena kwa mifano waliyoipima wenyewe. Aliyejua kwa nini jambo lilitokea hashindwi kuorodhesha.

Maadili, na lugha

Mtaala mpya umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Mlimani utasoma historia nyingi kwa Kiingereza. Anza mwaka wa kwanza kuandika muhtasari wa kila mada kwa Kiswahili, kwa sentensi zako, usingoje siku ya kuajiriwa. Kama huwezi kumweleza bibi yako kijijini mfumo wa utawala wa moja kwa moja wa Wajerumani, bado hujauelewa, hata kama ulipata A.

Na hapo kwenye maadili, simama imara. Kutakuwa na shinikizo la kuifanya Historia iwe mahubiri, ambamo mababu wote walikuwa mashujaa na kila uovu uliletwa na meli. Waheshimu wanafunzi wako kwa kuwaambia kwamba wengi wa askari waliowapiga Wamatumbi na Wangoni walikuwa Waafrika, na kwamba kwenye misafara ya utumwa walikuwemo wafanyabiashara wa rangi zote. Kisha waambie pia habari za Songea Mbano wa Wangoni, aliyenyongwa 1906, na za Mkwawa wa Wahehe, ambaye fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954. Anayeipenda nchi hii anaweza kuubeba ukweli wake wote, na mtoto aliyelelewa hivyo hatadanganywa kirahisi na mwanasiasa atakapokuwa mpiga kura.

Kuhusu ajira

Sitakupamba. Ajira za walimu wa sanaa ni chache, waombaji ni wengi, na wenzako wa Fizikia na Hisabati wataitwa kabla yako. Utakaa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira pamoja na watu waliohitimu miaka mingi nyuma. Si haki, na nadhani nchi inajidhulumu yenyewe kwa kuamini kwamba inaweza kujenga viwanda bila watu wanaojua kuuliza habari hii imetoka wapi.

Unapongoja, usikae. Nenda shule ya kata ya karibu, ongea na mkuu wa shule, jitolee vipindi viwili kwa wiki, kisha waandikishe Kidato cha Pili historia ya shule yao wenyewe. Nani alitoa kiwanja? Nani alichoma matofali, na akina mama walibeba maji kutoka wapi? Rejista ya kwanza ya wanafunzi iko wapi, na wasichana walikuwa wangapi? Kila jina lipatikane kwa watu wawili, kila tarehe ilinganishwe na karatasi. Ichapeni kazi hiyo nakala tatu. Moja ibaki ofisi ya mkuu wa shule, moja apewe mwenyekiti wa kijiji, na ya tatu ibebe wewe siku ya usaili, uiweke mezani kabla ya vyeti.